Kioo Kipya, Waya wa Zamani

Jumatatu, 3 Juni

Kichwa tena. Kimeanza kabla hata ya chai ya asubuhi, hapa juu ya jicho la kushoto, kama mgeni anayegonga hodi na hataki kuambiwa wenyewe hawapo. Na leo nimeharibu kazi. Niandike tu, humu hasomi mtu zaidi yangu.

Kofia za chuo cha wauguzi. Nembo yao ni korongo: kasimama kwa mguu mmoja, wa pili kaukunja, mdomoni kashika taa. Mimi ndiye ninayemchora kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, nukta kwa nukta. Kisha mchoro unakwenda kwenye mashine ya kudarizi, na mashine inashona nilichochora. Haina huruma. Nikikosea mimi, uzi nao unakosea vilevile.

Sindano akatoa kofia ya majaribio. Sindano ndiye mwendesha mashine, shoga yangu wa miaka; jina kalipata kwa wembamba, ulimi ukalithibitisha. Akaigeuza kofia, akaiinua dirishani, akaniuliza huyu ndege wangu ana miguu mingapi.

Mitatu! Jamani, mitatu! Mmoja kausimamia, mmoja kaukunja, na mwingine umechomoza kifuani kama mpini wa mwavuli. Mshale uliruka kwenye kioo cha kompyuta, nikabonyeza pasipo pake, na sikuona. Mimi! Mimi niliyekuwa naona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi!

Karakana nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka. Bosi hakucheka.


Jumanne, 4 Juni

Leo kila mtu daktari. Mmoja kasema nikinywa maji mengi kitaondoka. Mwingine kasema nimefunga kilemba kwa kukaza mno. Mhasibu, mtu mpole, kanipa miwani yake nijaribu. Nikavaa. Nikainua uso — mabosi wawili! Nikairudisha haraka. Cha kuazima hakistiri maungo, na bosi mmoja ananitosha.

Huyo bosi tunamwita Kabati, ila akiwa mbali. Kila kipya kinachonunuliwa hapa kinaingia kwenye lile kabati la chuma nyuma ya meza yake, na ufunguo uko shingoni mwake kwa kamba, mchana kutwa. Neno lake moja: akiba haiozi.

Kioo hiki kikubwa tu ndicho kilichoponyoka. Kile cha zamani kilikufa, moshi ukatoka, ikabidi anunue. Akanunua kikubwa kweli, upana wa meza nzima. Akakifunga kwa mikono yake mwenyewe, akanipigapiga begani, akasema sasa sina kisingizio. Nailoni ya dukani bado iko juu yake. Marufuku kuibandua. Nachora korongo kupitia nailoni kama mtu anayechungulia kwa jirani kupitia pazia.

Kichwa kilianza wiki ileile. Lakini nani atathubutu kulaumu kitu kipya?


Alhamisi, 6 Juni

Kaniita. Kafunga mlango, jambo ambalo hafanyi. Kasema kwa upole — na upole wake ndio ulionitisha — kwamba mimi ni mtu wa siku nyingi hapa, hawezi kunitupa. Ila macho yangu yamechoka. Kuanzia Jumatano binti wa dada yake atakaa kwenye kioo. Mimi nitakwenda meza ya nyuma, kukunja nguo na kuzifunga kwenye mifuko.

Kukunja!

Nikamwambia sawa, bosi. Sawa gani? Nilitaka kusema mengine kumi, nikafungua mlango nikatoka.

Sasa niandike lile nisiloliandika. Mama yangu alianza kupoteza macho akiwa na umri wangu huu. Presha ya macho. Ilianza kumla pembeni, ikaja katikati, mpaka siku moja akaniuliza kwa nini tumekaa gizani, na ilikuwa saa sita mchana. Daktari alisema wakati ule kwamba ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya familia, watoto wake tupimwe. Sikwenda. Kila mwaka nimekuwa na sababu nzuri.

Kwa hiyo kichwa kinapogonga, mimi sisikii kichwa. Nasikia lile swali la mama.


Jumapili, 9 Juni

Siku nzima kichwa hakijauma. Hata kidogo. Na jana jioni pia hakikuuma.

Nilikuwa nafua, mama kakaa kwenye kigoda chake anachambua mchele kwa vidole. Hapitwi na jiwe. Akaniuliza mbona leo siguni. Nikasema leo sina cha kuguna. Akaendelea kuchambua. Kisha akauliza, na Jumapili iliyopita je? Nikafikiri. Hakikuuma pia. Na ile nyingine? Pia.

Akacheka. Akasema, “We mtoto, macho gani ya ugonjwa yanayopumzika Jumapili? Yangu hayakuwa na sikukuu. Na hayakuuma hata siku moja. Yalizima kimyakimya, kwa adabu. Yako yanapiga kelele siku za kazi tu. Kaangalie kazini huko kuna nini.”

Nimebaki na shati mkononi linachuruzika maji miguuni mwangu.


Jumatatu, 10 Juni

Nimewasili mapema kuliko wote. Sikuchora. Nilikaa tu nikakitazama kioo kama mpelelezi anayemtazama mwizi.

Nikashika kipanya, nikazungusha mshale duara. Taratibu — sawa. Nikaongeza mwendo. Ahaa! Mshale hautembei. Unaruka! Uko hapa, halafu uko pale, katikati hapana kitu. Kama mtu anayevuka tope kwa kukanyaga mawe. Nikazungusha tena na tena, jicho linaukimbiza, haliupati wala haliuachi. Ndani ya dakika chache mgeni wangu akapiga hodi juu ya jicho la kushoto.

Nikaenda kwa mhasibu. Kioo chake kidogo, kizee, pembeni kimepauka. Nikamwomba anipishe kidogo. Nikazungusha. Mshale unateleza! Unateleza kama sabuni bafuni! Mhasibu akauliza kuna nini. Nikamwambia nacheza. Akanitazama kama watu wanavyomtazama mgonjwa, akanipisha hata zaidi.

Kwa hiyo si mimi. SI MIMI!

Hapana, nisishangilie. Bado sijui. Lakini nimekula chakula cha mchana chote na nikamalizia cha Sindano.


Jumanne, 11 Juni

Saa ya mapumziko nikaiuliza simu yangu. Nikasoma mpaka chai ikapoa.

Kumbe kioo hakikai na picha moja. Kinajichora upya mara nyingi kila sekunde, na mara hizo zinahesabiwa kwa hezi. Zikiwa nyingi, jicho linaona kitu kinatembea. Zikiwa chache, linaona kinarukaruka, linajikaza kukifuata, linachoka, na kichwa kinalipa deni lisilo lake.

Nikaingia kwenye setingi, sehemu ya kioo, huko ndani kabisa ambako sijawahi kukanyaga. Hii hapa: 30. Kwa mhasibu je? 60! Kile kizee chake cha pauka-pauka, mara mbili ya changu!

Nikabonyeza nibadilishe. Orodha ikafunguka na kilichokuwamo ni 30 peke yake. Hakuna cha kuchagua. Kama hoteli inayokuletea karatasi ya vyakula na juu yake pameandikwa chai tu.

Mbona? Nikarudi kwenye simu. Nikasoma tena. Kisha nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza, mchana kweupe, sketi na yote. Sindano akauliza nimepoteza nini. Nikasema subiri.

Waya. Waya uliounganisha kompyuta na kioo ni uleule wa kioo kilichokufa! Nimeujua kwa ule mkanda niliouzungushia mwenyewe mwaka juzi. Kioo hiki kikubwa kina picha kubwa, na waya mkongwe hauwezi kuibeba haraka. Unabeba 30 unahema. Na nyuma ya kompyuta kuna tundu jingine, refu kidogo, kona moja imekatwa, limejaa vumbi la nyuzi. Halijawahi kuguswa. Simu inasema hilo ndilo tundu lenyewe, na waya wake huja ndani ya boksi la kioo.

Na boksi liko wapi? Liko wapi jamani?

Kabatini.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilicheka chini ya meza mpaka Sindano akainama kuniangalia kama nimepatwa.


Jumatano, 12 Juni

Bosi kasafiri kwenda kununua nyuzi, na ufunguo kasafiri naye. Mpwa wake kaja asubuhi, kakaa kwenye kiti changu. Nikahamia kwenye kukunja.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimeshindwa. Mtoto wa watu kaniamkia, kaniita dada, kaniomba radhi kwa kukaa hapo, kasema mjomba wake hakumuuliza anachotaka. Ana macho ya ujana, maangavu, yanasoma kibao kilichoko ng’ambo ya barabara.

Sikumwambia kitu. Kwa makusudi. Nilitaka kuona.

Asubuhi alichora vizuri. Kabla ya chakula akaanza kupepesa. Baada ya chakula akaegemeza paji la uso mezani. Alasiri akaja meza ya nyuma, kashika kichwa, hapa, juu ya jicho. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina dawa ya kichwa.

Nilimpa dawa, na maji, na kiti. Lakini Mungu anisamehe, moyoni nilikuwa napiga vigelegele. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kioo, nikamzungushia mshale. Akaona. Nikamwonyesha 30. Akaona. Akasema, “Dada, kesho asubuhi, mimi na wewe.”


Alhamisi, 13 Juni

Leo! Leo, leo, leo!

Niandike yote taratibu.

Bosi kaingia. Kabla hajakaa tukamvamia. Nikamweleza hezi. Akasema hajui habari za hezi, yeye anajua bei. Nikamweleza waya. Akasema waya ule wa zamani mzima, unafanya kazi, picha si inaonekana? Nikamwambia inaonekana, bosi, hata korongo alionekana, tena na mguu wa ziada. Akasema ukitumika waya mpya ukaharibika tutafanyaje? Akiba haiozi.

Nikashikwa na hasira. Nikamwambia, na sijui nilipata wapi kifua, “Bosi, akiba haiozi, lakini watu wanaoza! Kioo umekitoa, moyo wake umeufungia!”

Sindano akazima mashine. Nikajua leo hata kukunja sikunji tena.

Mpwa ndiye aliyeniokoa. Akasema pole pole, “Mjomba, jana kichwa kiliniuma mpaka nikatapika nyumbani. Muulize mama. Au na mimi macho yangu yamechoka?”

Bosi alimtazama, akanitazama mimi. Akaushika ufunguo kifuani. Akauvua!

Sijawahi kuona ndani ya lile kabati, na nimefanya kazi hapa tangu wanangu hawajazaliwa. Mikasi mipya bado iko kwenye karatasi zake za mafuta, na sisi tunakata kwa mikasi butu inayotafuna kitambaa. Vikombe vya chai, seti nzima. Feni! Feni ndani ya boksi, na sisi tunajipepea kwa makadibodi! Sindano aliona feni akashika kiuno, hakusema neno, na Sindano asiposema neno ujue ni msiba. Chini kabisa, boksi la kioo. Ndani ya boksi, waya. Bado umefungwa kile kijiwaya chake, mweusi, unang’aa, kichwani kona moja imekatwa.

Nikaingia chini ya meza tena, safari hii nikiwa na mashahidi. Nikapuliza vumbi. Nikachomoa ule mkongwe, nikachomeka mpya. Tap! Ukakaa kama ulizaliwa humo.

Nikafungua setingi. Nikabonyeza orodha. 30. 60. 75! Mpwa akazisoma kwa sauti kama mtu anayetangaza waliofaulu mtihani.

Nikachagua 75. Kioo kikazima.

Giza. Bosi akapiga ukelele, “Umekiua! Mmekiua!” Akashika kichwa. Kisha kioo kikawaka, kikauliza kitu kwa maandishi madogo, sisi tumesimama tu kama waliopigwa radi, na kabla hatujajibu kikarudi kwenye 30.

Mpwa akasema kilikuwa kinauliza kama tunakubali. Tusipojibu kinadhani hatuoni, kinarudi kilikotoka. Kioo chenye adabu! Basi nikarudia. 75. Giza — bosi akafumba macho, nakumbuka, alifumba kabisa — mwanga — swali — nikabonyeza kubali kwa nguvu mpaka nikadhani nimevunja kidole.

Nikashika kipanya. Nikazungusha.

Ukateleza. Mshale ukateleza, duara, duara kubwa, duara dogo, nane, ua, jina la mama yangu, na jicho langu likaufuata bila kujikwaa popote. Sindano akapiga vigelegele hata fundi wa pikipiki mtaa wa nyuma akaja mlangoni kuuliza nani anaolewa.

Nimechora mpaka jioni. Sikuhisi kitu. Nilimsubiri mgeni wangu. Hakuja.


Ijumaa, 14 Juni

Hakuja leo pia! Manyoya yote ya bawa nimeyamaliza, moja moja.


Jumamosi, 15 Juni

Mkuu wa chuo cha wauguzi kaja mwenyewe kutazama kofia. Mama mmoja mnene, mkavu, hacheki ovyo. Akaishika kofia karibu na uso, kisha mbali. Akahesabu miguu — nani aliyemwambia? Nitamjua tu, na ana wembamba wa sindano! Akasema ndege huyu anaonekana ataruka. Akasema tushone zote.

Alipoondoka, bosi akaja hadi kwenye meza yangu. Akasimama. Akakohoa. Akasema mpwa wake ameomba ajifunze kwangu, kama sina neno, akae pembeni yangu. Kuhusu meza ya nyuma hakusema lolote, kama vile haijapata kutajwa. Nami nikaiacha hivyohivyo. Mtu mzima akimeza maneno yake, humgongi mgongoni.

Kisha akainama, akashika kona ya nailoni kwa kucha. Akavuta. Krrrrr! Polepole, mpaka mwisho, kama anajichuna ngozi mwenyewe. Korongo akatokea, rangi zake zote, taa yake inawaka.

Bosi akaikunja ile nailoni vizuri, kunjo juu ya kunjo. Akaipeleka kabatini.

Lakini feni imetoka! Naandika haya nywele zikiwa zimevurugika kwa upepo wa leo.


Jumapili, 16 Juni

Nimemsimulia mama yote, kwa mara ya tatu, nikaigiza na sauti ya bosi. Amecheka mpaka kapangusa macho. Hayaoni lakini machozi ya kicheko yanayo tele.

Kisha akavuta kigoda karibu. Akasema kichwa kimepona, vizuri. Na macho?

Nikasema macho mazima, mama, si nimekueleza, ilikuwa waya. Akasema amesikia habari za waya. Ila nami nikumbuke alichoniambia Jumapili ile: ya kwake hayakuuma hata siku moja.

Alikuwa ameniweka sawa kwa neno lilelile lililoniokoa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, akasema. Na kabla sijapata sababu nzuri ya mwaka huu, akaongeza kwamba mtu aliyemfungulisha yule bosi kabati hawezi kuogopa daktari mwenye tochi.

Basi. Nitakwenda. Nimemwambia nitakwenda Alhamisi, na nimesema kwa sauti kubwa makusudi, ili nisiweze kulirudisha neno.


Alhamisi, 20 Juni

Naandika kwenye benchi la kliniki ya macho. Mama yuko kulia kwangu, kavaa gauni la kutokea kama tumekuja harusini. Amekataa kubaki nyumbani. Jana tumemaliza kofia ya mwisho, na mpwa kwa mazoezi kachora taa peke yake na haina kasoro. Bosi kanipa ruhusa bila kuuliza, akasema niende na kikombe kipya nikanywee chai. Kikombe cha kabatini! Nimekileta, kimo kwenye mkoba.

Wameshanipima presha ya macho kwa kile kimashine kinachopuliza. Niliruka. Nesi akasema wote wanaruka. Matokeo daktari atayasema mwenyewe.

Kisha wametia matone. Ili aone ndani kabisa, nyuma ya jicho. Nesi kasema kwa muda sitaona vizuri vitu vya karibu, nisiogope, itapita. Siogopi. Naandika hivi kwa kujua kwamba siogopi. Wiki mbili zilizopita ningekuwa nimeshatoroka kupitia choo.

Mistari inaanza kuogelea. Naandika kwa herufi kubwa sasa. Ukurasa umekuwa mweupe sana, taa ya dari ina manyoya kama lile bawa. Mama kaniuliza ninaona nini. Nikamwambia. Akasema eeh, ndivyo ilivyo, karibu kwetu. Tukacheka mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka, nadhani waligeuka, ni mviringo tu wa nyuso.

Sioni tena ninachoandika. Natumaini mstari uko juu ya mstari.

Mlango umefunguka. Kitu cheupe kinaita jina langu. Mama keshasimama, nimesikia fimbo yake. Anasema, “Funga hilo daftari, mwanangu. Nishike bega. Kuna kizingiti hapo mlangoni, kila anayeingia nimemsikia anajikwaa. Sisi hatujikwai. Leo naongoza mimi.”